Sikufinyangaka Nyungu ya Kuvunja

Hapana, haiko ndoki, haiko mulozi. Naona ile macho yenu, mutaniuliza tu, basi najibu mbele: nyungu haipasukake mu moto juu jirani alikutazama mubaya. Inapasuka juu ya pumuzi. Wakati unakanyaga budongo, ukiacha pumuzi ndani, kidogo tu, kama mbegu ya pilipili, moto itaitafuta ile pumuzi mpaka iipate. Pa! Ao inapasuka juu ulikuwa na haraka, uliipeleka ku moto tumbo yake ingali mubichi. Pumuzi na haraka, basi. Ndoki hana muda ya nyungu yako.

Mi iyi kazi nilianza mbele maziwa ya kifua itoke, nikaacha nyuma ya meno kutoka. Sasa nyinyi batoto munakuya hapa Tshopo kwangu na casserole zenu za aluminium, munaniambia, na ile sauti ya mu pua: "Mama Antooo, nyungu iko nzito, mama. Na inachelewaka ku moto." Ndiyo, inachelewaka. Na pondu yenu, ile majani ya muhogo, mu aluminium inawahi kuiva, na inawahi kuungua, na bwana anawahi kwenda kukula kwa mwingine. Mi sikusema kitu.

Aliyenifundisha ni tantine Bosawa, dada ya papa yangu, mutu wa muto, wa upande ya Yangambi. Kule bibi alikuwa anashika budongo mbele ashike bwana. Sauti yake ilikuwa kama kinu inakokotwa. "Anto! Unakanyaga budongo ao unacheza rumba?" Nacheza rumba, tantine. "Basi cheza mpaka jioni, juu mawe ingali mule." Na kweli, jiwe ilikuwa mule, muguu yake ilikuwa inajua mbele ya macho.

Mara ya kwanza aliniachia moto peke yangu, yeye alienda ku matanga. Aliniambia: ngoja siku ine, nyungu ikauke. Jua ilikuwa kali. Mi na kichwa yangu nikasema, jua ya vile, siku mbili inatosha. Nikapanga nyungu kumi na moja midomo chini, nikatia kuni, nikatia matawi ya ngazi, ile muti ya mawese, nikawasha, nikakaa kama bibi ya shefu. Pa! Pa! Pa-pa! Batu ya jirani wakasema basoda wameingia na bunduki. Kuko papa moja alilala chini ya kitanda mpaka magaribi, na bibi yake akamupelekea chakula kule kule chini. Kumi na moja zote. Haikubakia ata moja ya kudanganya nayo.

Tantine alirudi, akatazama. Mi nilishavua foulard, juu akitaka kunipiga ku kichwa asichoke kuivua. Akasema: "Okota." Nikaokota vipande yote. "Leta kinu." Nikaleta. "Twanga." Nikatwanga ile nyungu yangu siku nzima, machozi inaanguka mule ndani, mpaka ikakuwa kama muchanga mwembamba. Akaichekecha, akachanganya ile unga na budongo mupya, mikono tatu ya budongo, mukono moja ya unga. Akaniambia, na hapo sauti yake haikukokota: "Budongo mupya peke yake iko na kiburi. Ikiona moto mara ya kwanza, inashituka. Iyi unga ilishaona moto. Itaishikilia."

Tangu ile siku nyungu zangu zote ziko na marehemu ndani. Ukiitazama vizuri ile imevunjika, utaona alama nyekundu-nyekundu mu mwili yake. Hakuna mufinyanzi anatupa vipande. Munikamatie ile neno, juu ni nayo nilipigania na pasteri.

Bon. Pasteri.

Mu kanisa yetu pasteri wa zamani, muzee, alipumuzika, wakatutumia kijana. Simusemi mubaya, iko mutu wa maombi, na viatu yake inametameta ata mu matope, sijui anafanyaka namna gani. Alisoma mingi. Akihubiri anapanda ku vidole, anafunga macho: "Wa-pe-ndwa! Mungu ni mwenye enzi! Anafanya apendalo! Je suis clair?" Na sisi mamans: "Trèèès clair!" Na haiko clair, hatuelewe kitu, lakini tunapenda ile sauti.

Dimanche moja, siku ya ibada, akaongea mufinyanzi. Mi nikakaa vizuri, nikasukuma Mama Vero na kiwiko: sikia, wanaongea kazi yetu. Uyu Vero tulifinyanga naye miaka ya kutosha kuzeeka, chini ya hangari moja nyuma ya nyumba yangu. Mikono yake ilipita yangu. Nasema vile sasa juu haiko hapa kunisikia. Pasteri akasema, na vidole yake juu: "Mungu ni mufinyanzi, wapendwa. Vyombo vingine alivifanya kwa ajili ya huruma yake. Vingine alivifanya kwa ajili ya ghadhabu yake, ili vivunjwe! Na udongo hauna neno la kuuliza!"

Kanisa yote ikageuka kutazama Vero.

Juu ya mutoto wake, Didi. Nasema mutoto, lakini ni mwanaume na ndevu yake. Didi aliiba groupe ya kanisa, mashini ya umeme, ile ya kutia mwangaza ku kora ya baimbaji. Papa Ogi, sentinelle wetu wa kulinda usiku, muzee, akamushika shati. Didi akamusukuma. Papa Ogi akaanguka ku ngazi, muguu ikavunjika. Didi wakamutia boloko, mu gereza. Na nyinyi munajua boloko: mutu anakula ile jamaa yake inaleta. Jamaa ikikawia, tumbo inakawia. Vero alikuwa anaenda mara mbili mu juma, kila mardi na kila vendredi, na kwanga, ile mukate ya muhogo, na pondu, siku ingine lituma ya ndizi na samaki.

Nyuma ya ile mahubiri Vero akafuata pasteri mu bureau, aombewe. Pasteri akamwambia, na sauti ya polepole, ile ya kuumiza bila kupiga: "Mama, usishindane na Mungu. Kama Mungu mwenyewe amemufanya mugumu, wewe utamulainisha na pondu?"

Mardi ikafika. Namukuta Vero mu hangari, budongo mbele yake, haishike.

"Vero, lelo mardi."

"Niliacha."

"Uliacha nini?"

"Kumupelekea. Mungu alishakata maneno." Kisha akatazama tumbo yake, vile munatazama mutu aliwaibia. "Anto, ni iyi ilimufinyanga. Kumbe mi nafinyangaka vya kuvunja."

Nikachukua chakula ile ilikuwa kwangu, nikapanda toleka, ile baiskeli ya kulipia, nikaenda mi. Yule kijana wa toleka ananiambia, "Mama, punguza haraka, pneu italia." Nikamwambia alie yeye kwanza, mi niko na haraka. Didi akatoka, akanitazama nyuma ya mugongo, anatafuta mama yake. "Mama iko mugonjwa?" Nikasema miguu. Ni bongo, haiko kweli. Vendredi sikuenda, nilikuwa na nyungu mu moto, na nyungu mu moto haiachwe. Mardi ingine nikarudi, nikamukuta shati inamutembelea ku mabega. Mi peke yangu singeweza. Mi ni bibi muzee, na haiko mi alikuwa anangojea. Kama Vero asingerudi, yule mutu angekufa, na siyo Mungu angemuua. Ni mahubiri.

Dimanche, kati-kati ya kanisa, nikasimama.

"Pasteri, niko na swali ya kazi."

"Mama, kaa kwanza."

"Nitakaa, magoti yenyewe inaniomba. Lakini uliongea mufinyanzi. Mu iyi kanisa bafinyanzi tuko babili, na hakuna siku ulikuya kutuuliza."

Batu wakacheka. Bale ba kora wakaacha kucheza na simu.

"Mi sikufinyangaka nyungu ya kuvunja," nikasema. "Ata moja. Nani atachimba budongo mu matope mpaka kiuno, abebe ku kichwa, achague mawe, akanyage mpaka muguu iote kidonda, afinyange, angoje siku ine, juu ya kupata raha ya kuvunja? Mufinyanzi wa vile, sisi tunamufunga kamba tunamupeleka kwa bagonjwa ya kichwa."

"Mama! Unahukumu Mungu!"

"Namutetea, pasteri. Ni wewe unamusingizia. Nyungu yangu ikipasuka kwa mutu, hagombezake nyungu. Anakuya huku kwangu, mukono ku kiuno" (na mi nikatia mukono ku kiuno, nikafanya ile sauti ya mamans ba soko) "'Wewe Mama Anto! Ni kazi gani uliniuzisha?' Haya, ile aibu, ni yangu, haiko ya nyungu. Sasa ukisema Mungu alifanya Didi juu avunjike, batu watapeleka haya kwa nani?"

Kanisa ikawaka. Lakini pasteri haiko mujinga, musifikiri. Aliacha batu wapoe. Kisha akateremuka ku vidole, akasema na sauti yake ya kweli, ile siyo ya kuhubiri:

"Na muguu ya papa Ogi?"

Papa Ogi alikuwa pale ku mulango na fimbo yake.

"Huruma yako ni rahisi, mama. Haiko muguu yako."

Nawaambia kweli, nilikaa. Ile ilinipata. Mutu anaweza kusema mubaya na angali na haki nusu. Nikatazama ile fimbo, nikaona haya. Kisha nikasimama tena, juu nusu ya haki haiko haki yote.

"Muguu ya papa Ogi ni kweli," nikasema. "Njo maana Didi iko boloko, na akae kule mpaka tribunal iseme neno yake. Hukumu iko, pasteri, mi siikatae, mi nyungu zangu zote nilizipitisha mu moto. Sikusema afunguliwe. Nilisema akule."

Papa Ogi akagonga fimbo chini. Yeye meno haina, maneno yake inapitaka na filimbi: "Mi hakuna mutu aliniuliza. Nasssema hivi: mi nataka groupe irudi, na yeye aniombe pardon. Sssasa akikufa na njaa, nani ataniomba pardon? Pasteri?"

Pasteri akajipanguza uso. Akasema vizuri, mardi tutaenda kule wote: yeye, Mama Vero, na mi. Atamuuliza Didi mbele ya mama yake kama iko na moyo ya kutubu. Akikuwa nayo, mama arudilie kumuhangaikia. Akikuwa mugumu, basi, tumuachie Mungu. Vero akaitika na kichwa. Sikupenda ile mapatano, mutu apite examen juu ya kupata kwanga? Lakini nikajisemea: iko vizuri, kule njo nitamumaliza.

Batoto, ile siku mbili sikulala vizuri juu ya furaha. Nilipanga maneno mu kichwa kama avocat wa ku tribunal. Nikachukua nyungu yangu moja mukubwa, nikaitia unga ya vipande mpaka nusu, ile ya kutwanga. Nikachukua kipande ya nyungu ya zamani, nione namna pasteri atakataa zile alama nyekundu. Nikafunga budongo mubichi mu jani. Na nikachukua ile kanyungu kadogo ya kunywesha kuku. Ile nilianza kuifinyanga ikuwe ya pondu, mudomo ikapinda mu mikono yangu. Tantine Bosawa aliniambia usiitupe, ikuwe kitu ingine, na ikanywesha kuku miaka yote mpaka kuku zenyewe zikaisha. Ile ilikuwa silaha yangu ya mwisho. Nilitaka kumwambia: ona, pasteri, mufinyanzi iko na ruhusa ya kubadirisha wazo, na ni yeye anabadirisha, siyo kuvunja.

Ku boloko polisi ya mulango akagonga nyungu na kidole.

"Mama, iyi ni nini? Bombe?"

"Ni teoloji."

Akaniacha nipite.

Wakatupatia banc ya kukaa chini ya ukuta. Didi akaletwa, akakaa chini mbele yetu, mugongo imepinda. Vero hakumutazama macho. Pasteri akafungua: "Ndugu Didier, Mungu ni mwenye enzi." Sikungoja amalize. Nikatia mukono mu nyungu, nikatoa unga, nikaimwanga mu kiganja.

"Pasteri, iyi ni nini?"

"Vumbi, mama."

"Ni zile zilipasuka. Kama zilikuwa za hasira, juu ya nini nazitia mu mwili ya mupya? Mi, bibi hana masomo, sishindwe na kipande. Mungu njo atashindwa?"

"Hakuna mutu alisema ameshindwa! Mungu yuko huru, mama. Akitaka kuhurumia, anahurumia. Kama analazimishwa kuhurumia, ile haiko huruma tena."

Muliona? Ile ilikuwa neno nzuri. Nilifurahi kuisikia, juu nilikuwa na jibu.

"Huru, ndiyo. Mi pia niko huru. Nyungu zote mu hangari ni zangu, naweza kuingia lelo na muchi nizipige zote, hakuna polisi atanikamata. Kwani nazipiga? Ukubwa wa mufinyanzi ni ile: iko na muchi mu mukono, na haipige."

Pasteri akasimama. Mi nikasimama. Akatoa Farao, mi nikatoa mwizi wa musalaba. Akasema bila hukumu huruma ni sukari tu, inaharibisha meno. Nikamwonyesha yangu, nikamwambia ilishaharibika, aongeze sukari. Polisi ya mulango akasogea kusikiliza, akashika upande ya pasteri. Nikapigana maneno na polisi pia. Nikaonyesha kanyungu ya kuku. Pasteri akaishika, akaigeuza, akaguna "mm", na mi nikajua hapa nimemupata. Nawaambia bila kuficha: ilikuwa saa tamu kupita zote mu maisha yangu. Na yeye pia, nilimuona, jasho inamutelemuka na uso inawaka, kama batu babili wanacheza dame, ile muchezo ya kete, na hakuna anataka iishe. Jua ilitoka ku ukuta ikafika ku miguu yetu. Didi hakuna mutu alimuuliza kitu. Ile swali ya toba, pasteri aliisahau mu mufuko.

Nitawaeleza kwanza ile ilifuata maneno ya Didi, juu yenyewe nataka ibakie ya mwisho. Vero alisimama pale pale, akapita katikati yangu na pasteri kama tuko miti, akatoka inje mbio na ile miguu nilisemaka inauma, na alirudi na mikono mizito. Ya tumbo yake kufinyanga vya kuvunja, hakuongea tena siku yoyote. Mardi na vendredi hakukosa, mpaka Didi akatoka, akaenda yeye mwenyewe kupiga magoti kwa papa Ogi, na papa Ogi akamuacha pale chini murefu kidogo mbele ya kumwinua, ni haki yake. Pasteri, mardi yake njo mukubwa sasa, anaendaka kule boloko kulisha bafungwa, na sufuria ku kichwa ya bibi yake na ingine mu mukono yake, viatu inametameta. Lakini musifikiri aliacha. Angali anahubiri vyombo vyake vya ghadhabu, vidole juu, na mi kila mara nasimama, na nitasimama mpaka munibebe.

Bon, ile siku. Tuko tunapigana hivi, mi na unga mu kiganja, pasteri na kanyungu ya kuku mu mukono, polisi anatikisa kichwa. Didi akasogea na matako, polepole, mpaka ku nyungu yangu mukubwa. Akachungulia. Akaona unga. Akatia kidole, akaipeleka mu mudomo. Akatema. Akajipanguza ulimi na shati, akatutazama, mi, pasteri, mama yake, moja-moja, na hakupandisha sauti:

"Nyinyi batatu, hakuna ata moja alileta kwanga."